Duka la Dawa la Wafungwa

Lower Ninth Ward ni eneo la New Orleans ambalo kuta za mfereji zilibomoka wakati wa kimbunga Katrina, Agosti 2005, na maji yakasomba nyumba yakaacha ngazi za mlangoni zikielekea pasipo na mlango. Viwanja vingi havikujengwa tena. Kwenye kimoja, katika mtaa wa Andry, kuna bustani zilizopangwa kwa mstari, kila moja ikiwa na futi sita kwa tisa, yaani kama mita 1.8 kwa 2.7. Ndani ya kila bustani kimefinyangwa kitanda, meza na choo. Mimea imepandwa katika nafasi iliyobaki tu: pale ambapo mtu aliyefungiwa humo angeweza kuweka mguu wake.

Kipimo hicho ni cha seli ya kifungo cha upweke katika magereza ya Marekani, ambamo mtu hukaa saa 23 kwa siku. Aliyebuni bustani hizo ni msanii jackie sumell, ambaye huandika jina lake kwa herufi ndogo, nami nitamwachia alivyopenda. Kazi yenyewe ameiita Solitary Gardens. Kila bustani ina mwenyewe, naye hajawahi kuitia macho. Yumo gerezani. Huandika barua akieleza anataka nini kipandwe, wapi, na kwa mpangilio gani. Wakati mwingine huchora ramani. Watu wa kujitolea walio nje hushika jembe kwa niaba yake, kisha humwandikia kumpa habari: hili limeota, lile limeliwa na wadudu, tufanyeje? Naye hujibu. Kwa mtu ambaye kwa miaka hajaulizwa maoni yake juu ya jambo lolote, hata saa ya kuoga, kuulizwa kuhusu mbolea si jambo dogo.

Kitanda, meza na choo hivyo havikujengwa kwa saruji. Vimetengenezwa kwa mchanganyiko wa miwa, pamba, tumbaku na nili, vikifungwa kwa chokaa, udongo na maji. Hayo ni mazao yaliyowatajirisha mabwana wa kusini mwa Marekani kwa jasho la Waafrika waliouzwa. Mchanganyiko huo haudumu. Mvua na jua la Louisiana huula polepole, na kila unapomeguka mimea husogea. Kwa hiyo kadiri miaka inavyopita, kitanda cha gerezani huzidi kupotea na bustani huzidi kupanuka, bila mtu kubomoa chochote kwa mkono. Wasanii wengi wa siasa hukuambia wazo lao kisha wakulazimishe ulitazame. Huyu ameliacha lifanyike lenyewe, kwa mwendo wa mmea.

Ila haya yote yalianza na nyumba, kabla ya bustani, na nyumba hiyo ilianza na barua.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sumell alimsikia Robert King akizungumza huko California. King alikuwa ametoka gereza la Angola Februari 2001, baada ya miaka 29 ya kifungo cha upweke. Alikuwa mmoja wa watu watatu waliojulikana kama Watatu wa Angola. Wawili wenzake, Herman Wallace na Albert Woodfox, walikuwa bado ndani. Sumell akawaandikia. Wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Stanford, na darasani walipewa zoezi la kumwomba profesa aeleze nyumba ya ndoto zake. Yeye akampelekea swali hilo Wallace: mtu aliyeishi zaidi ya miaka 30 katika chumba cha futi sita kwa tisa anaota nyumba ya namna gani?

Wallace alijibu kwa barua baada ya barua, kwa miaka. Alitaka nyumba ya mbao. Alitaka bwawa la kuogelea lenye picha ya chui mweusi kwenye sakafu yake. Alitaka njia ya siri ya kutorokea, kwa sababu mtu aliyewahi kuvamiwa na polisi hasahau. Lakini alipoanza kuiwazia nyumba hiyo, sehemu iliyomjia kwa wepesi kuliko zote ilikuwa maua ya mbele ya nyumba. Alitaka wageni wapite katikati ya maua mwaka mzima. Sumell alichora ramani, akatengeneza mfano mdogo wa nyumba na seli ya mbao yenye vipimo kamili, akavizungusha katika majumba ya maonyesho ya nchi kadhaa. Mtu aliingia kwenye seli kwanza, halafu akaitazama nyumba. Mwaka 2012 ikatoka filamu ya Angad Singh Bhalla, Herman's House, iliyofuatilia urafiki wa wawili hao bila sura ya Wallace kuonekana, kwa kuwa kamera hazikuruhusiwa kumfikia. Husikika sauti yake tu kwenye simu ya gereza.

Ni lazima kusema Angola ni nini, maana jina lenyewe ni la kwetu Afrika. Gereza Kuu la Louisiana limejengwa juu ya shamba la watumwa ambalo mmoja wa wamiliki wake alikuwa Isaac Franklin, mfanyabiashara mkubwa wa watu. Shamba liliitwa Angola kwa nchi walikotolewa watumwa wake. Leo ni ekari 18,000, mto Mississippi ukilizunguka pande tatu, na wafungwa, wengi wao Weusi, bado hulima pale kwa jembe huku askari wenye bunduki wakiwa juu ya farasi. Malipo huanzia senti mbili kwa saa. Sheria haivunjwi: Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani, ya mwaka 1865, yalipiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa. Wapigakura wa Louisiana waliulizwa mwaka 2022 kama waifute sehemu hiyo kwenye katiba ya jimbo lao. Walikataa, ingawa maneno ya swali yalivurugwa kiasi kwamba hata mwanasiasa aliyelianzisha aliishia kuwaambia watu walipinge.

Wallace na Woodfox waliingia Angola kwa makosa ya unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwaka 1971 wakaanzisha humo humo tawi la Black Panther, chama cha wanaharakati Weusi, wakapinga ubakaji wa wafungwa vijana na kazi za kitumwa. Aprili 17, 1972 askari magereza Brent Miller, kijana wa miaka 23, aliuawa kwa kuchomwa kisu. Wakashitakiwa wao. Alama ya kidole yenye damu iliyopatikana haikuwa yao. Shahidi mkuu alikuwa mfungwa mwenzao aliyeahidiwa msaada wa kupata msamaha na kupewa katoni ya sigara kila wiki. Baadaye hata mjane wa Miller alisema hadharani kwamba haamini waliofungwa ndio waliomuua mumewe. Wallace alikaa peke yake kwa miaka 41 hivi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015, zinazoitwa Kanuni za Mandela, zinakataza kumweka mtu katika upweke zaidi ya siku 15 mfululizo.

Oktoba 1, 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho, Brian Jackson, alifuta hukumu ya Wallace kwa sababu wanawake walikuwa wametengwa katika baraza la raia lililompitishia mashtaka. Wallace alitolewa kwa gari la wagonjwa usiku huo huo, saratani ya ini ikiwa imemmaliza. Oktoba 3 baraza jipya likamshitaki upya. Oktoba 4 akafariki nyumbani kwa rafiki, New Orleans, akiwa na miaka 71. Woodfox alitoka Februari 19, 2016, siku aliyotimiza miaka 69, akaandika kitabu, Solitary, na kufariki Agosti 2022.

Nyumba ya Wallace haikujengwa akiwa hai. Lakini maua aliyoyataka yakapata kiwanja.

Baada ya bustani za mtaa wa Andry ukaja mradi wa pili, na huu ndio ulionifanya niandike makala hii. Unaitwa The Prisoner's Apothecary. Mimea inayoota katika bustani za wafungwa huvunwa, hukaushwa, hulowekwa, hupikwa, ikawa chai, dawa za matone na mafuta ya kupaka, halafu hupelekwa kwa watu wa mitaa ambayo vijana wake wamejaza magereza. Kwa maneno mengine, mtu aliyeitwa hatari kwa jamii anaipelekea jamii hiyo hiyo dawa.

Kazi ya mikono haina muujiza wowote, na yeyote aliyelelewa na bibi anayejua miti ataitambua. Majani ya chai hukaushwa kivulini ili harufu isipotee. Dawa ya matone hutengenezwa kwa kujaza chupa kwa mmea, kuumiminia pombe kali hadi ufunikwe, kuifunga chupa na kuiacha gizani kwa wiki nne hadi sita, ikitikiswa mara kwa mara, ndipo dawa huchujwa. Mafuta ya kupaka huanza kwa kuloweka mmea katika mafuta kwa muda, kisha mafuta hayo huyeyushwa pamoja na nta ya nyuki ili yagande. Mnanaa kwa tumbo, kamomile kwa usingizi, mshubiri kwa ngozi iliyoungua: haya ni maarifa ya kawaida kwa wataalamu wa mitishamba wa Marekani, na mengine ni ya kawaida kwa wetu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini msanii aliyeanza na gereza aishie kwenye chupa za dawa. Ukiusoma utumwa wa Marekani kwa jicho la mganga, swali linajijibu.

Kule South Carolina, mwaka 1750, baraza la wawakilishi wa koloni lilimpa uhuru mtumwa aliyeitwa Caesar na kumwekea posho ya pauni 100 kila mwaka maisha yake yote. Alikuwa ametoa siri ya dawa yake ya sumu, iliyotumika pia kwa kuumwa na nyoka, na ndani yake kulikuwa na mizizi ya mmea ambao wataalamu huuita Plantago. Gazeti la koloni likaichapisha dawa hiyo ili kila mtu anufaike. Mwaka uliofuata, 1751, koloni hilo hilo likatunga sheria ya kumwadhibu mtumwa yeyote atakayemfundisha mwenzake habari za mizizi na mimea ya sumu. Virginia ilikuwa imetangulia: sheria yake ya 1748 iliweka adhabu ya kifo kwa mtumwa atakayetoa dawa bila ridhaa ya bwana wake.

Tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Mtumwa mmoja analipwa kwa sababu ujuzi wake ni wa kweli, na wengine wote wanatishiwa kunyongwa kwa sababu hiyo hiyo. Mabwana hawakuona mitishamba kuwa upuuzi. Waliiogopa. Mtu anayejua jani la kuponya anajua pia jani la kuua, na zaidi ya hapo, anaaminiwa na watu ambao bwana hawezi kuwaamuru wamwamini. Wasomaji wanaomkumbuka Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga wa vita vya Maji Maji, na jinsi Wajerumani walivyoharakisha kumtia kitanzi mwaka 1905, hawatahitaji maelezo marefu hapa.

Halafu kuna pamba. Ganda la mzizi wa mpamba lilitafunwa na wanawake watumwa kuzuia mimba au kuitoa, na madaktari wa Kizungu wa karne ya 19 waliandika habari hizo kwa hasira, maana kwa bwana mtoto wa mtumwa alikuwa mali iliyotarajiwa. Mwanamke aliyepelekwa shambani kuchuma pamba kwa ajili ya bwana aliitumia pamba hiyo hiyo kumnyima bwana mtumwa mpya. Sijui kama kuna mmea mwingine uliobeba minyororo na ukaidi kwa pamoja kiasi hicho. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, sumell alipoichanganya pamba katika ule udongo wake wa kujengea, aliingiza dawa tangu tofali la kwanza. Wengi wanaoziandika bustani zake huitaja pamba kama alama ya mateso tu. Wangekumbuka na mzizi.

Chama cha Black Panther kilichowaweka Wallace na wenzake katika matatizo kilikuwa nacho kimejua jambo hili. Picha tulizozizoea ni za makoti ya ngozi na bunduki. Lakini mwaka 1970 uongozi uliagiza kila tawi lifungue kliniki ya bure, na mwaka 1971 wakaanza kupima watu selimundu, ugonjwa ambao Waafrika wa pande zote za bahari wanaujua majumbani mwao na ambao serikali ya Marekani ilikuwa haijaupa uzito. Mwaka 1972 serikali ikapitisha sheria ya kuudhibiti.

Huko Bronx, New York, wanaharakati wa Young Lords, vijana wenye asili ya Puerto Rico, waliiteka Hospitali ya Lincoln mwaka 1970. Novemba ya mwaka huo, wao na wenzao wakalazimisha kufunguliwa humo huduma ya kuwasaidia waraibu wa heroini. Dawa iliyokuwa ikitolewa kwa waraibu ilikuwa methadoni, nayo waliiona kama mnyororo mpya badala ya ule wa zamani. Wakageukia tiba ya Kichina ya kuchoma sindano sikioni. Mmoja wa walioisimamia alikuwa Mutulu Shakur, na vijana wetu wanaoimba rapu wajue kwamba huyu ndiye baba wa kambo wa Tupac. Meya aliifunga huduma hiyo mwaka 1978. Shakur baadaye alihukumiwa miaka 60 jela kwa kesi ya uporaji wa benki na mauaji, akaachiwa Desemba 2022 akiwa mahututi, akafariki Julai 2023. Lakini ule mtindo wa sindano tano sikioni umeenea hadi kwenye kliniki za nchi nyingi, na wengi wanaoutumia hawajui kwamba umepitia mikononi mwa watu waliovamia hospitali.

Tanzania nayo ina mkono katika habari hii. Pete O'Neal, aliyeongoza Black Panther mjini Kansas City, alikimbia Marekani mwaka 1970 na kufika Tanzania mwaka 1972 pamoja na mkewe, Charlotte Hill O'Neal. Waliishia Imbaseni, karibu na Usa River, mkoani Arusha, wakafuga, wakalima, na mwaka 1991 wakaanzisha kituo cha jamii cha UAACC, kinachofundisha vijana bila malipo na kulea watoto. Charlotte, anayefahamika zaidi kama Mama C, ni mchoraji, mshairi na mwanamuziki. Imbaseni ndiko alikofia, Juni 2011, Geronimo ji Jaga, Panther mwingine aliyekaa gerezani miaka 27, minane ya hiyo katika upweke, kwa mauaji ambayo hukumu yake ilifutwa. Ji Jaga alizaliwa Morgan City, katika jimbo lile lile la Louisiana, lenye ule udongo wa miwa na pamba. Kwa hiyo msomaji wa Arusha anayedhani mambo ya Angola ni ya mbali, ana jirani wa kumuuliza.

Sasa niseme panaponitatiza.

Mwaka ule ule wa 2011 mkoa ule ule wa Arusha ulishuhudia foleni za magari hadi Samunge, Loliondo, watu wakienda kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa za hospitali kwa ajili yake na hawakurudi kutusimulia. Tangu hapo nikisikia mtu anaunganisha mitishamba na ukombozi, masikio yangu husimama. Mti unaotibu una kipimo chake, na usipokuwa na kipimo una madhara. Kuna mimea inayouzwa Marekani kama ya kutuliza moyo ambayo hudhoofisha dawa za kufubaza virusi. Mtu hawezi kujificha nyuma ya neno "asili".

Na kuna la zaidi. Wallace hakufa kwa kukosa chai. Alikuwa na saratani ya ini, na hadi ilipotambuliwa mwaka 2013 ilikuwa imekomaa, naye amekonda kupita kiasi. Alichohitaji ni daktari wa kumpima mapema na dirisha la kuonea anga. Ukimweka mtu mpweke kwa miongo minne, akili na mwili vinaoza pamoja, na hakuna jani litakalorudisha usingizi uliovunjwa kwa taa isiyozimwa. Mtu mwenye nia mbaya angeweza hata kuitumia kazi ya sumell kama pambo: tazameni, wafungwa wetu wana bustani! Majumba makubwa ya sanaa huipenda kazi ya namna hii. Mwaka 2021 jumba la MoMA PS1 jijini New York liliweka uani mwake banda la kuoteshea mimea ambalo sumell alilifanyia kazi pamoja na wasichana wa klabu moja ya mtaani, wakijifunza kilimo na historia ya magereza kwa wakati mmoja. Ni jambo zuri. Lakini tajiri anayefadhili jumba la sanaa anaweza kupita hapo, akanusa mnanaa, akaondoka amefarijika, na hisa zake za kampuni za magereza zikaendelea kuzaa.

Hata hivyo nimerudi kuitetea kazi hii, kwa sababu nadhani watu huiangalia chupa badala ya njia iliyopita. Magereza ya upweke hayamnyimi mtu uhuru peke yake. Yanamnyima nafasi ya kuwa na faida kwa mwingine. Mfungwa hupewa chakula, hupewa amri, hupewa adhabu. Yeye hampi mtu kitu. Robert King alilielewa hilo mapema: akiwa ndani ya seli yake Angola alipika peremende za sukari kwa jiko alilolitengeneza kwa makopo ya soda, akichoma karatasi za chooni, akazigawa kwa wafungwa na hata askari. Alipotoka akaendelea kuzipika na kuziuza ili kupata fedha za kuwatetea wenzake. Peremende hazitibu kitu. Lakini aliyezila alikuwa amepokea kutoka kwa mtu ambaye gereza lilisema hana cha kutoa.

Duka la dawa la sumell ni peremende za King zilizopata mizizi. Mwanamke wa New Orleans ambaye kaka yake yuko jela anapopewa chupa ya mafuta ya kupaka na kuambiwa aliyechagua mmea huu ni mtu aliye kwenye upweke, ambaye hatamwona wala kushukuriwa naye uso kwa uso, kitu fulani kimebadilika kati ya watu wawili, na mafuta yenyewe yanaweza yakawa ya kawaida kabisa. Mwenye bustani hawezi kuikanyaga wala kuonja chai yake. Anachopata ni habari kwamba imenywewa. Katika kampasi ya Chuo Kikuu cha California huko Santa Cruz ilipandwa bustani ya aina hii iliyopangwa na mtu aliyehukumiwa kifo katika gereza la San Quentin, na wanafunzi ndio waliomwandikia kuuliza mambo ya kupanda. Vijana hao hawakwenda kumhurumia. Walihitaji majibu, na mwenye majibu alikuwa yeye.

Hapa ndipo sanaa inapofanya kile ambacho maandamano hayawezi. Maandamano humwambia mpita njia: simama upande wetu. Bustani humpa kazi. Ukishamwandikia mtu barua ya sita kuhusu vitunguu vyake, ni vigumu kumpigia kura mbunge anayesema watu kama huyo wasahauliwe. Si kwamba haiwezekani, ni vigumu tu, na siasa nyingi za kweli hujengwa juu ya ugumu mdogo wa namna hiyo.

Angola yenyewe haijaguswa na mnanaa. Mashamba yanalimwa. Mwaka 2023 wafungwa walifungua kesi kupinga kupelekwa kulima katika joto la kiangazi, lile joto la bonde la Mississippi ambalo hulifanya shati kuwa zito kabla ya saa nne asubuhi. Julai 2024 jaji akawaamuru wakuu wa gereza warekebishe mara moja mambo ya kivuli, mapumziko na vifaa vya kujikinga na jua kwa watu wanaolima. Hakusimamisha kilimo. Jaji huyo alikuwa Brian Jackson, yule aliyemtoa Herman Wallace kwa gari la wagonjwa, na mpaka sasa mafuta ya kupaka dhidi ya jua ni jambo ambalo mfungwa wa Louisiana amelazimika kwenda mahakamani kulidai.